Weusi Uliokula Majina: Maisha ya Ma Adventina Kokugonza Buberwa, 1946–2001

Baba Mchungaji, ndugu, majirani wa Nshambya, na ninyi mliovuka ziwa usiku ili muwahi: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja. Marehemu ni dada yangu wa tumbo moja. Mimi ni Kristofa, kitindamimba wa nyumba yetu, na alinionya mapema kwamba nikisimama hapa kumpamba maua tu, ataamka kwenye jeneza. Kwa hiyo nitasoma mambo yalivyokuwa, pamoja na lile lililomlemea kifuani miaka sita ya mwisho wa maisha yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza lisomwe.

Adventina Kokugonza alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, katika kijiji cha Izimbya, Bukoba Vijijini, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Rugaibula na Mama Yustina, ambao wote wametangulia. Baba yetu alikuwa mgonga magome. Alimenya gome la mti, akaliloweka, akaligonga kwa nyundo ya mti hadi likawa kitambaa laini, ile orubugo ambayo wazee wetu walivaa wakiwa hai na kuzikwa nayo walipokufa. Dada alibebwa, akanyonyeshwa na akalazwa huku nyundo ile ikilia uani. Hata alipokuwa mtu mzima alilalamika kwamba nyumba yenye kimya inamnyima usingizi.

Alianza darasa la kwanza hapo kijijini mwaka 1954. Mwaka uliofuata utomvu wa mgomba ulimdondokea kwenye gauni la shule. Sote hapa tumekulia kwenye kibanja, katikati ya migomba, na tunajua kwamba doa la mgomba halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Mwalimu alimchapa. Mtoto mwingine angelia yakaisha, lakini yeye alirudi nyumbani, akakata mgomba, akaloweka gauni zima kwenye utomvu wake mpaka likawa la rangi moja, na kesho yake akalivaa kwenda shule. Alichapwa tena, safari hii kwa kuharibu sare, ila doa halikuonekana. Mama alikuwa akimsimulia kila mgeni habari hii, na kila mara Dada alikasirika, si kwa sababu ya kuchekwa bali kwa sababu Mama alikuwa anakosea aina ya mgomba.

Alisoma sekondari Tabora kuanzia 1962 hadi 1967, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1971. Alirudi Bukoba kufundisha. Mwaka 1975 alipata nafasi ya kwenda Göteborg, Sweden, kusomea rangi za zamani, yaani zile ambazo watu walipika kwa magome, mizizi, majani na matope kabla ya rangi za dukani. Alikaa huko miaka miwili akichungulia vipande vya vitambaa vikuukuu kwenye hadubini. Aliporudi alikuwa na baridi ya mifupa na jambo moja kubwa la kusema. Rangi nyekundu huchuja na ya njano hufifia, alisema, lakini nyeusi ndiyo ya kuogopa. Weusi mzuri hutokana na maji ya magome yakikutana na chuma, na chuma hicho, kikibaki kwenye kitambaa pamoja na uchachu wake, hukila taratibu mpaka kiwe vumbi. Ndiyo maana bibi zetu, walipokwisha kuchora orubugo kwa matope meusi ya bondeni, waliisuuza kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Majivu hukata ule uchachu. Aliliandika jambo hilo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na alilisema darasani, kanisani, na hata kwenye sherehe za harusi, ambako watu walikuwa wamekuja kula.

Naomba mlikumbuke hilo. Dada yangu alikuwa anajua.

Alifunga ndoa takatifu na marehemu Nathanieli Buberwa tarehe 15 Desemba 1973. Shemeji alikuwa bwana samaki wa upande wa Muleba, mtu wa visiwani, leo Goziba, kesho Bumbire. Siku moja alifika shuleni kwa Dada kuuliza kwa nini nyavu za pamba zilizopikwa kwenye maji ya magome haziozi upesi. Jibu lenyewe ni fupi, lakini alikuja kuliuliza tena na tena mpaka wakubwa wa pande zote mbili wakaelewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Datius na Kokuhirwa.

Vita vilipotuingilia mwishoni mwa Oktoba 1978, mji wa Bukoba ulihama. Wengine walibeba magodoro, wengine kuku. Shemeji alibeba watoto, na Dada alibeba chupa zake za rangi, amezifungia kwenye kanga. Njiani kuelekea Kamachumu askari wetu mmoja alifungua chupa akidhani ni gongo, akanusa, akarudi nyuma.

"Mama, pombe yako imeoza."

"Si pombe, afande. Ni wino."

"Wino gani unanuka hivi?"

"Wa bibi zetu. Na walikuwa hawaulizwi."

Shemeji alisimulia kwamba pale pale alianza kuwaaga watoto, lakini askari alicheka, wakapita.

Vita vilipokwisha, barabara ya Kyaka ilibaki imejaa vyuma vya magari yaliyoungua. Dada alikwenda na gunia kuviokota. Aliviloweka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha, akachanganya na maji ya magome, na akapata weusi ambao hakuwahi kuupata kwenye matope ya bondeni. Alifurahi mno. Alisema chuma kilicholetwa kutuua sasa kitatuandikia. Mimi nilikuwapo na nilicheka naye.

Kisha ulikuja ugonjwa. Vijana mtastaajabu kwamba UKIMWI mwanzoni tuliuita Juliana, jina la kitambaa kilichovuka mpaka na wafanyabiashara, kwa kuwa wafanyabiashara hao ndio walioanza kukonda. Dada, ambaye kazi yake ilikuwa vitambaa, hakulipenda jina hilo hata kidogo. Shemeji Nathanieli alifariki tarehe 3 Mei 1987. Dada alipimwa akaonekana hana, na nadhani kubaki salama kulimtia aibu badala ya furaha. Alijiunga na akina mama wajane wa usharika wetu waliokuwa wakiwaogesha wagonjwa na kuwazika waliokosa wa kuwazika. Wengi wa hao walikuwa wavuvi kutoka Goziba na visiwa vingine, vijana wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, waliopakiwa kwenye mitumbwi wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Walishushwa ufukweni, na mtumbwi ukarudi kuvua.

Saruji ya makaburi hatukuwa nayo, na misalaba ya miti ililiwa na mchwa. Ndipo akina mama walipoamua kuunganisha orubugo kubwa, kuandika juu yake majina ya wote waliowazika, na kuitundika kanisani kila Novemba tunapowakumbuka waliolala. Baba yetu, mzee sana wakati huo, aligonga magome yale, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Dada aliandika majina kwa mkono wake, kwa ule weusi wa vyuma vya Kyaka.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1988, na ibada ilikuwa kesho yake. Dada alitia pembe moja ya kitambaa kwenye maji ya majivu, kama alivyokuwa akihubiri siku zote, na majina ya pembe ile yakapauka. Yalitoka ya kahawia. Ma Bernadeta, ambaye tunaye hapa leo, alikuwa na majina mawili kwenye kitambaa kile, la mumewe Kashaija na la mwanawe Ayubu. Alilitazama la mumewe, lililokuwa kwenye pembe ile, akaanza kulia.

"Mume wangu hakuwa wa rangi ya chai," alisema. "Waitu, nakusihi, mwache awe mweusi."

Na wengine wakalia. Dada alisimama pale, mikono imelowa, akawatazama wanawake wale waliokuwa wamezika kila wiki mwaka mzima. Akamwaga maji ya majivu kwenye migomba. Kesho yake kitambaa kilitundikwa, cheusi, kizuri, na kanisa zima lilisimama. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakuna siku aliyowahi kusifiwa kama ile, na kwamba kila sifa ilimchoma. Alijidanganya kwamba akina mama wakishapoa atakisuuza. Novemba ikafuata Novemba nyingine, watu wakawa bado wanakisifu kitambaa, naye akanyamaza.

Novemba 1995 akina mama walikikunjua, na majina yakaanguka. Sisemi kwa mfano. Penye herufi palibaki matundu yenye umbo la herufi, na sakafuni palikuwa na vumbi jeusi. Pembe ile moja tu iliyopitishwa kwenye majivu ndiyo ilikuwa nzima. Ma Bernadeta alipitisha kidole mahali palipokuwa na jina la mwanawe.

"Ma Adventina, Ayubu yuko wapi?"

Angeweza kusema ni unyevu wa ziwa, au panya. Nani angembishia mtu aliyesoma Ulaya? Alivua miwani yake.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Ni weusi wangu uliomla."

Ma Bernadeta alitoka nje. Tangu siku hiyo akikutana na Dada njiani alivuka upande wa pili, na Dada hakumlaumu. Alikuja Izimbya akaniambia, "Kristofa, watu hawa nimewaua mara ya pili." Nilimwambia asikufuru, na akaniuliza kama nina jibu jingine.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja. Aliziba matundu kwa nyuma na kuandika upya, safari hii kwa matope ya bondeni, na kila kipande alikisuuza kwa majivu mpaka mikono yake ikapasuka. Hakutaka kusaidiwa. Majina ya watu wa hapa yalipatikana kwa urahisi, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na wa kuyataja. Ya wavuvi ndiyo yalimtesa. Aliyewapokea na kuwauliza majina alikuwa Ma Paulina, mmoja wa wale wajane, naye alikuwa amefariki mwaka 1992. Mwaka 1996 Dada alipanda mtumbwi wa injini kwenda Goziba, mwanamke wa miaka hamsini asiyejua kuogelea, akawa anapita kambi hadi kambi akiuliza nani alipelekwa Bukoba mgonjwa mwaka 1988 na hakurudi.

Huko alikutana na Minza, mchuuzi wa dagaa, ambaye naye amevuka ziwa kuja kumzika. Minza hakumpokea kwa maneno laini.

"Mama, wewe unatafuta majina ya waliokufa, sisi hatuyajui hata ya tunaolala nao kibanda kimoja. Huku mtu anaitwa kwa mtumbwi wake."

"Basi nitajie mitumbwi," Dada akamjibu.

Kwa njia hiyo, mtumbwi kwa mtumbwi, alimpata Mashauri. Alimpata Maige, akapata na habari kwamba dada yake, Limi, bado alikuwa akimsubiri kwao huko Magu. Alirudi Goziba mara nyingi, na jina baada ya jina likarudi mahali pake, isipokuwa moja.

Alikuwa kijana mrefu, aliyeletwa Agosti 1988. Kucha ya dole gumba la kushoto haikuwapo. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi hata homa ilipompanda, na alisema nyumbani kwa mama yake ni karibu na reli, treni ikipita vyombo hutetemeka. Aliishi siku chache. Dada aliyakumbuka hayo yote, ila jina hakulikumbuka.

"Mkono wangu ndio ulioliandika," aliniambia, "na mkono haukumbuki."

Alijaribu kuliandika huku amefumba macho, akidhani labda mkono utajua njia. Tundu lenyewe lilikuwa limeraruka, herufi zimeungana, halisomeki. Hakulipigia kiraka. Alisema tundu lile ndilo jina lake kwa sasa.

Mwaka 1998 Ma Bernadeta alibisha hodi nyumbani kwa Dada. Nilikuwa sebuleni nakunywa chai, nikafikiri amekuja kumtukana. Alikuwa na kikapu cha majivu ya maganda ya ndizi, yamechekechwa vizuri. Hakuketi.

"Ma Adventina, mimi ndiye niliyesema rangi ya chai."

"Ulikuwa na uchungu. Mimi nilikuwa na elimu."

"Nimekuja na majivu, sijaja kubishana. Lete beseni."

Waliosha pamoja tangu siku hiyo. Sikuwahi kuwasikia wakisameheana kwa maneno, na bado walinuniana kuhusu wingi wa maji. Lakini chai yangu siku ile ilipoa, kwa sababu walichukua birika langu kuchemshia.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka 1999, alipogunduliwa kuwa na kisukari pamoja na shinikizo la damu. Alitibiwa hapa Bukoba na baadaye Mwanza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Macho yalipopungua nguvu aliacha kuandika, akawa anaketi tu akipapasa kitambaa kwa vidole. Mwezi Mei mwaka huu alituita mimi na Ma Bernadeta.

"Nikifa msiniandike kwenye kitambaa," alisema. "Yule kijana hajaandikwa. Mkiniandika kabla yake nitakuwa nimemruka kwenye foleni."

Nilianza kumbembeleza. Akaendelea, "Na kama lazima mniandike, niandikeni kwa ule weusi wangu wa chuma, wala msinisuuze. Niende kama nilivyowapeleka wao."

Ma Bernadeta alikuwa akimkanda miguu. Hakuinua hata kichwa.

"Hilo la kuandika ni letu. Wewe kula uji."

Alilala katika Bwana Jumamosi, tarehe 14 Julai 2001, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Nshambya, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Datius na Kokuhirwa walikuwa kando yake.

Sasa mnaona orubugo iliyofunika jeneza. Mimi sikujua kama ingekuwapo. Jana akina mama walikusanyika uani, wakafukuza wanaume, na Ma Bernadeta akashika brashi. Agizo la marehemu wamelitii nusu tu. Tundu la yule kijana hawakuligusa. Lakini chini yake, karibu kabisa, wameandika Adventina Kokugonza, kwa matope ya bondeni. Nilimuuliza Ma Bernadeta kwa nini amemkaidi marehemu. Alinijibu kwamba hajamruka mtu kwenye foleni, amewekwa nyuma ya kijana, tena kijana yule amekaa peke yake muda mrefu na anahitaji mama karibu.

Kisha wakalisuuza jina kwa maji ya majivu. Mara moja, mara mbili, mpaka Ma Bernadeta aliporidhika. Mkisogea kuaga mtaliona. Limepauka. Ni rangi ya chai, kama yalivyo majina yote yanayodumu kwenye kitambaa hicho.

Marehemu ameacha watoto wawili, Datius na Kokuhirwa, wajukuu watatu, mdogo wake Kristofa, ukoo wote wa Rugaibula na wa Buberwa, wanafunzi wake ambao wengine wana mvi, na akina mama wa kitambaa.

Ameacha na swali, na aliagiza liulizwe hapa kabla hatujashusha jeneza. Kitambaa hakitazikwa naye, kitarudi kanisani. Yeyote kati yenu, na hasa ninyi wa Goziba na visiwani, anayemjua kijana mrefu asiye na kucha ya dole gumba la kushoto, aliyependa kupiga mluzi, ambaye mama yake alikaa karibu na reli, na ambaye alipakiwa kwenye mtumbwi Agosti 1988, tafadhali amwone Ma Bernadeta baada ya maziko. Mtamkuta pale kwenye masufuria. Ana matope tayari, na majivu anayo.

Amani ya Bwana iwe juu ya Adventina Kokugonza katika pumziko lake, na juu ya yule aliye mbele yake.